Kibatari cha Mchana

Saa saba mchana Otilia aliwasha kibatari.

Nje jua lilikuwa limetanda uwanja mzima. Kuku walikuwa wamejilaza juani kama mahindi yaliyoanikwa. Lakini ndani ya nyumba ile, ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Otilia alipapasa kiberiti, akawasha, moshi ukampanda puani. Ndipo akaona sufuria iko wapi.

Usidhani ilikuwa kibanda cha zamani. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, pale Mollo, kando ya barabara. Theodory, mume wa Otilia, aliijenga kwa jasho lake. Ilikuwa miaka ile serikali ilipoacha watu wauze mahindi kwa mnunuzi yeyote. Theodory akauza kwa malori ya kutoka Mbeya. Akaenda Tunduma, akarudi na nondo na vioo. Akaweka madirisha matatu makubwa. Yote matatu yakatazama barabara. Upande wa nyuma hakuacha hata tundu la panya.

Watu walipita wakasifu. "Theodory amejenga!"

Kisha ukaja mwezi wa sita. Anayeishi juu huku Ufipa anaujua upepo wa mwezi wa sita. Unatoka upande wa barabara, unachoma mpaka mfupa. Kwanza ulivunja vioo viwili. Theodory akaziba kwa gunia. Upepo ukachana gunia. Mtoto wao akakohoa, Otilia akalalamika, Theodory akachukua nyundo na misumari. Akapigilia bati kwenye madirisha yote matatu.

Baridi ikapungua kweli. Na mwanga ukaisha.

Basi, saa saba ile ya mchana walikaa kula. Ugali wa ulezi, maharage, kibatari katikati. Theodory alitafuna mara mbili, tatu.

"Kwa!"

Akashika shavu. Akatema kijiwe mkononi, na kipande cha jino pamoja nacho.

"Nani amechambua maharage haya?" alifoka. "Nani? Mnanilisha kokoto ndani ya nyumba yangu?"

Otilia alimtazama mama mkwe wake, bibi Cornelia, aliyekuwa amekaa ukutani.

"Ni mimi, mwanangu," bibi Cornelia alisema polepole. "Macho yangu yamekwisha."

Mama huyu hakuwa mtu wa kukaa bure. Tangu ujana wake yeye ndiye aliyechagua mbegu za nyumba: maharage, ulezi, mahindi. Mbegu yake majirani walikuja kuomba. Lakini tangu wahamie nyumba hii mpya alianza kukosea. Alitia chumvi kwenye chai. Alimkanyaga kifaranga. Alitembea akipapasa ukuta, na viganja vyake vikawa vyeusi kwa masizi ya kibatari.

"Sasa nimechoka," alisema Theodory. "Nimeshampelekea salamu kaka Felisiani kule Mpui. Akimaliza kuuza mahindi atakuja na gari akuchukue. Kwake kuna mabinti, watakushika mkono."

Bibi Cornelia aliacha kula.

"Mpui nitamjua nani? Kaburi la baba yako liko hapa nyuma. Jumuiya yangu ya kanisa iko hapa."

"Mama, utawajuaje watu, uwe hapa au kule? Huoni!"

"Theodory!" Otilia aligutuka.

"Nimesema uongo? Jino langu hili hapa!"

Bibi Cornelia aliinuka. Akapapasa mpaka mlangoni, akatoka nje na ungo wake wa maharage.

*

Nje alikutana na Angela.

Angela alikuwa bibi afya wa kata kwa miaka mingi. Alikagua vyoo, alipima watoto, alifokea watu waliokunywa maji yasiyochemshwa. Kisha lilikuja neno jipya, kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Sasa alizunguka na beseni la dagaa kutoka ziwani. Ulimi wake haukupungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Angela. Umeleta nini?"

"Dagaa, bibi. Wazuri, wakavu."

Bibi Cornelia aliinamia beseni. Akachota kiganja kimoja, akakigeuza juani.

"Wazuri wapi? Hawa wana mchanga. Na hiki ni kipande cha jani. Na huyu hapa si dagaa kabisa, ni mtoto wa samaki mgebuka. Unatuuzia ziwa zima?"

Angela alicheka. Otilia naye alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hakucheka. Alishangaa.

"Mama, umeuona huo mchanga?"

"Sasa mchanga nisiuone kwa nini?"

"Kwa sababu unaambiwa wewe ni kipofu!" Otilia akamgeukia Angela. "Dada Angela, mume wangu anampeleka mama Mpui. Anasema haoni. Mimi mwenyewe niliamini. Ndani haoni kitu!"

Angela aliweka beseni chini. Alikunja uso kama zamani alipokagua choo kisicho na mlango.

"Theodory yuko wapi?"

"Ndani, anauguza jino."

"Theodory!" Angela aliita. "Nisubiri hapo hapo, nakuja!"

Aliuchukua ungo wa maharage, akaingia nao. Akapuliza kibatari kikazimika.

"Wee! Unazima taa?" Theodory aling'aka gizani.

"Shika ungo huu. Chambua."

"Mimi?"

"Wewe. Una macho ya ujana. Toa mawe yote. Mimi nasubiri."

Theodory alipapasa papasa. Alisonya. Mwishowe alisema amemaliza. Angela alimshika mkono mpaka nje, akamwekea bibi Cornelia ungo mapajani. Bibi aliinama juani. Akatoa jiwe. Akatoa jingine. Akatoa kipande cha mkaa, akatoa na kinyesi cha panya.

"Haya," alisema Angela. "Felisiani akija, mwambie gari liwe na nafasi ya watu wawili. Na wewe unakwenda Mpui."

Otilia aliziba mdomo kwa kitenge.

"Nisikilize, kaka yangu. Macho ya mzee yanataka mwanga mwingi kuliko yako, tena mwingi sana. Pale wewe unapoona kidogo, yeye haoni kabisa. Umemfungia mama gizani, halafu unamlaumu kwamba haoni. Mwanao anakohoa kwa moshi wa kibatari. Mkeo anapika kwa kubahatisha. Na jua lipo! Jua hulinunui Tunduma!"

"Sasa nifanyeje?" Theodory alipandisha sauti. "Nitoe bati? Upepo utatuua! Dirisha nimeweka, tena matatu. Nani kijijini ana matatu?"

"Umeyaweka upande wa upepo. Kwa nini umeyaweka huko?"

Theodory alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

"Si ndiyo barabara iko huko? Nyumba inatazama barabara."

"Nani kasema?"

"Nani kasema nini? Ndivyo ilivyo! Tazama nyumba zote."

Ni kweli. Nyumba zote zilikuwa kwenye mstari mmoja, zote zimetazama barabara. Na karibu zote zilikuwa zimezibwa madirisha kwa magunia, kwa maboksi, kwa matofali.

"Mimi namjua aliyesema," bibi Cornelia alidakia. Sauti yake ilikuwa na nguvu sasa. "Zamani tulikaa kule chini, kila mtu na mji wake. Nyumba zetu ziliupa upepo mgongo. Kisha malori yakaja kutuhamisha. Katibu mmoja akaja na kamba na vigingi. Akavuta kamba, akasema jengeni hapa, milango na madirisha yatazame barabara, ili mgeni rasmi aone maendeleo. Baba yako aliuliza, na upepo? Aliambiwa akae kimya, asipinge maendeleo."

"Na mgeni rasmi alikuja?" aliuliza Otilia.

"Alipita siku moja. Gari limepandishwa vioo, kwa sababu ya vumbi."

Miaka ishirini na ushee! Kamba ilishaoza. Katibu alishahama. Watu waliruhusiwa kuuza mahindi wanakotaka, kuvaa viatu vya Zambia, kuchagua chama. Kila nyumba ya miti ilipoanguka, walijenga ya matofali palepale, na wakaitazamisha barabara. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa bado wanamngoja mgeni rasmi.

*

"Twende kwa Mayunga," alisema Angela.

"Kwa Msukuma? Nyumba yake imekaa upande upande kama mlevi!" Theodory alilalamika, lakini alikwenda.

Mayunga alihamia Mollo na ng'ombe wake mambo ya kamba yalipokuwa yameshapita. Hakuna aliyempimia. Alijenga nyumba ya udongo akaipa barabara kisogo. Watu walimcheka. Walimwita mtu asiyetaka majirani.

Waliingia ndani. Mkewe, Kabula, alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakukuwa na kibatari. Jua lilikuwa limeingia dirishani mpaka katikati ya sakafu, na mkeka ulikuwa na joto. Upepo ulisikika nje ukipiga ukuta wa nyuma. Ndani kulikuwa kimya.

Theodory aligusa mkeka kwa kiganja. Akagusa tena.

"Nani alikufundisha kujenga hivi?" alimwuliza Mayunga.

"Ng'ombe," alijibu Mayunga.

"Usinitanie, bwana."

"Sikutanii. Zizi liko upande huu. Nilitaka nikiwa ndani niwaone ng'ombe wangu. Ninyi Wafipa mmejenga muone magari. Magari ni ya kwenu?"

Kabula alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Angela hakucheka. Alitoka, akachomeka kijiti uwanjani.

"Kivuli kimelala upande gani?"

"Upande wa barabara," alisema Theodory. "Kusini."

"Basi jua liko kaskazini. Miezi hii ya baridi jua linapita kaskazini mwa nyumba zetu, kutwa nzima. Upepo unatoka kusini na mashariki. Mungu ametutenganishia: baridi upande huu, jua upande ule. Sisi tumefungua upande wa baridi, tukajenga ukuta mtupu upande wa jua!"

"Na kiangazi kikikolea? Mwezi wa kumi si tutaungua?"

"Hapo jua limeshapanda juu ya paa. Bati likitokeza nje kidogo, dirisha linakaa kivulini. Mwanga utapata, makali hutayapata."

Theodory alikuna kichwa. Alikuwa na neno la mwisho, na lilikuwa ndilo lililomuuma.

"Dada Angela, nyumba isiyo na dirisha barabarani ni ghala. Watu watasemaje? Na nyuma kuna nini cha kutazama? Choo. Banda la nguruwe. Kaburi la baba."

"Mimi ningependa kuliona," alisema bibi Cornelia.

Alikuwa amewafuata. Alitembea peke yake juani, bila fimbo, bila kushikwa mkono.

*

Kesho yake Theodory aliamka na sururu. Hakumwambia mtu. Alikwenda nyuma ya nyumba akaanza kuvunja ukuta pembeni kabisa, karibu na kona. Matofali yalianza kudondoka. Nyumba ikalia.

"Acha! Acha, bwana!"

Alikuwa Shedrack, fundi mwashi, aliyekuwa ameitwa mbio na Otilia.

"Unataka kuingiza mwanga au unataka kuangusha paa?" Shedrack alimnyang'anya sururu. "Kona ndiyo inayoshika nyumba. Huwezi kutoboa hapo. Na hapo juu je? Pau imekalia ukuta huo. Ukitoa tofali la chini, la juu linakaa wapi? Hewani?"

"Si Angela alisema nitoboe?"

"Alisema utoboe, hakusema ujizike!"

Bibi Cornelia alikaa juani akawatazama wanaume wakigombana. Alikuwa anachagua mbegu.

Shedrack alifanya kazi kwa utaratibu. Alikaa mbali na kona, zaidi ya hatua moja. Alichora dirisha kwa mkaa. Kabla hajavunja kitu, alichimba nafasi juu ya mchoro, akapitisha boriti ngumu ya kubeba matofali ya juu, akaishindilia kwa udongo. Akauacha ukauke. Ndipo akavunja chini yake. Alimaliza dirisha moja kabisa kabla ya kuanza la pili.

"Mbona umelifanya refu namna hii?" aliuliza Theodory. "Si lingekuwa pana?"

"Mwanga unaotoka juu ndio unaofika ndani mbali. Dirisha fupi la chini linaangazia miguu tu. Na tazama, kingo za ndani nazichonga mshazari. Ukuta wako ni mnene, ukiuacha wima unakula mwanga."

Nondo na vioo Theodory hakununua. Waling'oa fremu mbili za barabarani, wakazihamishia nyuma, na vioo vilivyovunjika wakavijazia kwa vya dirisha la tatu. Zile nafasi za mbele wakazijenga kwa matofali. Dirisha la tatu walilipunguza, wakalitia mlango wa mbao, wa kufungua upepo ukilala. Wezi je? Nondo zilezile zilikuwa zinawazuia kule mbele. Zitawazuia na nyuma.

Theodory alidhani kazi imekwisha. Aliingia, akasimama chumbani. Bado kulikuwa na kiza pembeni.

"Ndiyo haya! Nimevunja nyumba yangu bure!"

"Kaka, tazama ukuta," Angela alisema kwa kuchoka. "Mweusi kama chungu. Ukuta mweusi unameza mwanga, ukuta mweupe unautupa mbele."

Walikwangua masizi kutwa nzima. Wote waligeuka weusi, hata Angela. Kabula alileta ndoo ya udongo mweupe, wakaukoroga na maji wakapaka ukuta wote. Ukuta wa kati, uliotenga ukumbi na chumba cha bibi, ulifika mpaka karibu na bati. Shedrack alitoa matofali ya juu, mistari miwili, mwanga ukavuka.

Otilia alichukua kibatari. Alikitoa nje akakiweka juu ya banda la kuku.

Angela hakuishia hapo. "Mwanga hautibu ugonjwa," alimwambia Otilia. "Mzee akianza kukosea, mwongezee mwanga, na pia mpeleke hospitali." Otilia alimpeleka bibi mjini. Daktari alimpima, akasema jicho la kushoto limeanza kuwa na mtoto wa jicho, kidogo. Akampangia kurudi. Jicho la kulia lilikuwa zima. Alisema afanye kazi zake, mahali penye mwanga.

*

Felisiani alikuja na gari la mahindi. Alisimamisha barabarani, akashangaa. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa imefumba macho mawili. Akajua mambo yameharibika.

Alizunguka nyuma, anaita. "Theodory! Otilia! Nimekuja kumchukua mama! Mama yuko wapi, maskini?"

"Maskini ni nani?" sauti ilitoka dirishani. "Kwanza amkia."

Felisiani alisimama ghafla. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Felisiani, mkeo amesafiri?"

"Hapana, yupo. Kwa nini?"

"Umekosea vifungo vya shati. Na shavuni una unga wa mahindi. Hivyo ndivyo unavyokwenda kuonana na watu?"

Felisiani alishika shati lake. Kifungo cha pili kilikuwa kwenye tundu la kwanza. Alimtazama mama yake ndani ya chumba, amekaa kwenye kigoda, jua limemwangukia magotini. Mbele yake ungo, na mafungu matatu ya maharage: ya kupika, ya mbegu, ya kutupa. Kutoka pale alipokaa aliliona kaburi la mumewe, na maua aliyoyapanda mwenyewe mwaka jana.

"Lakini Theodory aliniambia huoni!"

"Theodory alikuwa haoni," alisema Otilia kutoka jikoni.

Theodory alisimama kando na meno yake pungufu. Alitamani kukasirika. Hakupata pa kuanzia.

"Na watu je?" Felisiani alimnong'oneza. "Mbele hakuna dirisha la maana. Hawasemi?"

"Wanasema," alijibu Theodory. "Wiki nzima wamesema. Jana mmoja wao aliyesema sana alikuja kumwuliza Shedrack boriti inapitishwa vipi."

Walikula mchana. Hakuna kijiwe hata kimoja. Felisiani alikula mara mbili. Alipoondoka, bibi Cornelia alimfungia mbegu za maharage kwenye kitambaa.

"Wapelekee wajukuu zangu Mpui. Nyumba yako umeijenga mwaka gani?"

"Mwaka jana, mama. Ya matofali."

"Madirisha yanatazama wapi?"

Felisiani alisema kwa sauti ndogo, "Barabarani."

Bibi Cornelia alisonya kwa muda mrefu.

"Theodory, mpe sururu. Na wewe, Felisiani, usianzie kwenye kona."